Mpaka Ulio Takriban

Hati ya kumiliki ardhi nchini Kenya ina mstari mmoja mfupi ambao wanunuzi wengi wa ploti za Juja huuruka. Macho hukimbilia jina la mwenye ardhi, muhuri na sahihi ya msajili, kisha hati hukunjwa ikafungiwa kabatini. Mstari huo hutaja ukubwa wa kipande kwa hekta, na mbele ya tarakimu yamepigwa chapa maneno mawili ya Kiingereza: Approximate Area. Eneo la takriban. Tarakimu zinazofuata huwa ndefu, 0.0465 kwa mfano, na urefu huo humtuliza mtu. Akiona nafasi nne baada ya nukta, huamini kwamba ardhi yake imepimwa pasi na shaka, hadi mita ya mwisho. Lakini neno lililotangulia ndilo lenye mamlaka juu ya tarakimu, nalo linasema: kadiri ya hapa, au karibu na hapa.

Naandika juu ya neno hilo kwa sababu nimekaa Juja muda wa kutosha kuona linavyoweza kuvunja ujirani. Nimeona ukuta ukijengwa mchana na kubomolewa usiku. Nimeona waumini wa kanisa moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya ukanda wa udongo ambao mtoto angeuvuka kwa hatua mbili. Kila upande una hati, kila hati imetolewa kihalali, na zote zimebeba neno lile lile. Hakuna anayedanganya. Hapo ndipo uchungu ulipo: watu wawili waaminifu wanaweza kuapia mipaka miwili tofauti, na karatasi zikawaunga mkono wote wawili.

Juja ni mji wa futi. Serikali ilihamia mita na hekta zamani, hati huandikwa kwa hekta na wapima ardhi hufanya kazi kwa mita, lakini kwenye mabango ya kando ya barabara, katika ofisi za mawakala na midomoni mwa watu, ardhi bado ni hamsini kwa mia. Wengine huiita sehemu ya nane ya ekari, kana kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja. Ekari ni futi mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Tofauti ni futi mraba 445, na katika mji huu unaoishi kwa kupangisha wanafunzi, eneo hilo linatosha vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi na kidogo kikabaki. Aliyelipia sehemu ya nane akakabidhiwa hamsini kwa mia amekosa vyumba vinne katika kila ghorofa atakayoinua, na pengine hatajua maisha yake yote.

Tofauti hiyo ina mahali ilipokwenda. Chukua ekari moja uikate ploti nane za hamsini kwa mia: zitakula futi mraba 40,000, zibaki 3,560. Zilizobaki ndizo njia. Zipange ploti safu mbili, nne huku na nne kule, zikitazamana. Kila safu ina urefu wa futi mia mbili, na njia iliyo katikati hupata upana wa futi kumi na nane kasoro kidogo, yaani mita tano na nusu hivi. Hapo lori la mawe na lori la maji hayapishani bila moja kupanda ukingoni. Muuzaji anayesema ekari hii inatoa ploti nane amesema kweli. Mnunuzi akasikia kwamba atapata sehemu ya nane ya ekari. Kati ya kauli hizo mbili ndimo njia ilimopita, na hakuna aliyemwambia kwamba ameichangia ardhi yake. Na msimamizi wa mipango akidai njia pana zaidi, kama anavyopaswa kudai, futi zinatoka wapi? Hutoka kwenye ploti, futi moja hapa na mbili pale, huku jina la hamsini kwa mia likibaki bila kuguswa. Ndiyo maana naona hamsini kwa mia imekuwa jina la aina ya ploti na imeacha kuwa kipimo. Mtu hulitamka jinsi anavyotaja aina ya gari.

Jambo linalonisumbua zaidi liko kwenye machimbo. Bonde la Ndarugo, hapa jirani, linatoa mawe ya kujengea yanayojulikana Nairobi yote. Hukatwa kwa mashine kutoka kwenye mwamba, na huitwa kwa inchi zake: tisa kwa tisa, sita kwa tisa. Fundi huyapenda kwa sababu kingo zimenyooka. Saruji ya kuungia huwa nyembamba, ukuta huinuka haraka, na nje unaweza kuachwa wazi bila plasta ukapendeza. Jiwe likipungua nusu inchi, fundi huliweka kando. Huo ndio ukali wa macho ya watu wetu wanapokuwa kazini: fundi wa mtaa wa Gachororo, hapa Juja, huona nusu inchi akiwa amesimama mbali, na huvuta uzi tena na tena hadi atosheke. Kisha ukuta huo wa mawe ya tisa kwa tisa, uliosimamishwa kwa timazi na pimamaji, unakaa juu ya mstari ambao hakuna aliyeuthibitisha. Jiwe limepimwa vizuri kuliko ardhi iliyolibeba.

Ni rahisi kukasirika hapa na kuuliza ni mzembe gani aliyeweka neno takriban kwenye hati ya serikali. Nimelifuatilia neno hilo, na kadiri ninavyolifuata ndivyo ninavyolielewa. Halikuwekwa kwa uzembe. Mwaka 1862 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya usajili wa ardhi iliyodai mipaka ithibitishwe kwa ukamilifu kabla ya ardhi kuingia daftarini. Mpango ulikwama. Kuthibitisha mstari kulimaanisha kumwita jirani aje aseme neno lake, na jirani aliyeitwa alikumbuka madai ambayo alikuwa ameyalaza miaka mingi. Watu walioishi kwa amani kando ya ua mmoja wakaanza kugombana juu ya upande gani wa ua ndio mpaka, gharama zikapanda, na wenye ardhi wakaona heri wasisajili. Sheria ya 1875 ikaachana na sharti hilo. Ramani ikaonyesha tu kwamba ardhi hii iko hapa na imezungukwa na ua huu. Mstari kamili ukaachwa kwa wale wanaouona kila siku. Kulikuwa na busara humo. Palipo na ua unaoonekana na majirani wanaojuana, kuutafuta mstari usio na unene ni kutafuta ugomvi.

Wazo hilo ndilo lililosafiri hadi Kiambu, kaunti iliyo na Juja leo. Lilifika wakati mbaya. Katika miaka ya Hali ya Hatari, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, serikali ya kikoloni ilikusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika kwenye migongo ya Kiambu, Murang'a na Nyeri na kumpa kila mwenye shamba kipande kimoja. Watu waliagizwa wapande ua kwenye mipaka ili uonekane kutoka angani. Ndege zikapiga picha, na wachoraji wakazifuata picha hizo kuchora ramani za usajili. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikatamka kwamba ramani hizo zinaonyesha mipaka ya takriban tu, isipokuwa pale mpaka ulipothibitishwa rasmi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikalirithi neno hilo katika kifungu chake cha 18.

Ua ulipandwa, lakini si wote waliokuwepo kuuona ukipandwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini kwa sababu ya Hali ya Hatari hiyo. Walirudi nyumbani wakakuta migunga na miti ya ua imeshashika mizizi juu ya ardhi waliyoiacha ikiwa na umbo jingine, na ndege imeshapita. Kuna familia ambazo hadi leo husimulia mpaka wao kwa kuanzia siku hiyo ya kurudi. Sheria iliuita mpaka huo takriban kwa sababu mstari ulikuwa mnene. Kwao kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba uliwekwa bila mashahidi wa upande wa pili.

Na mashahidi ndio waliokuwa kiini cha mpaka kabla ya hati yoyote. Jomo Kenyatta, ambaye jina lake limo katika jina la chuo kikuu cha Juja, alieleza katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha 1938, jinsi Wagikuyu walivyoweka mipaka kwa sherehe mbele ya wazee, wakipanda miti na maua ya itoka. Itoka ni yungiyungi lenye kitunguu ardhini. Majani yakikauka kiangazi, kitunguu kinabaki pale pale, na mvua ikinyesha mstari unachipua tena. Aliyeling'oa aliogopa kitu kizito kuliko faini. Hapakuwa na kipimo cha futi katika mpaka huo, wala pembe, wala namba, lakini sioni ni kwa haki gani tungeuita takriban. Kila aliyehusika alijua ulipo, na alijua kwamba wenzake wanajua.

Juja yenyewe haikuwa upande wa itoka wala upande wa ua. Ilikuwa ardhi ya walowezi. William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani, alijenga Juja Farm mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1909 alimpokea hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani akaja kuwinda. Ardhi ya watu kama McMillan ilipimwa kwa pembe na umbali, bikoni, yaani alama za mpaka, zikachimbiwa, na ramani zikawekwa Nairobi. Wapimaji walilipwa kufanya kazi ya makini kwa sababu kipande kilikuwa cha kuuzwa, kuwekwa rehani na kurithishwa ng'ambo, kwa watu ambao huenda wasiwahi kukiona. Nalitaja hili kwa uzito. Mpaka kamili ulikuwepo nchini tangu mwanzo, lakini ulikuwa wa mlowezi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumwambia Mwafrika mahali pa kusimama. Sishangai kwamba wazee wengi wa huku humwona mpima ardhi kama mtu wa mashaka.

Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa ya mkonge na kahawa kati ya Ruiru na Thika yakanunuliwa, mengi na kampuni na vyama vya wananchi waliochanga hisa. Mwanachama aliokota karatasi yenye namba, akaonyeshwa sehemu yake kwa kutembezwa, akapanda mti au akaweka jiwe. Wale nao walijuana. Walikuwa wamechanga pamoja, wakasubiri pamoja, wengine walitoka kijiji kimoja. Baina yao takriban ilitosha, kwa sababu kumbukumbu ya siku ya kutembezwa ilikuwa ya wote. Mgawanyo ukasajiliwa kwa fomu, mchoro ukaunganishwa kwenye ramani, maisha yakaendelea. Sehemu nyingine zilipimwa kwa mpaka kamili, nyingine hazikupimwa, na ukitembea leo hutajua unapovuka kutoka hizi kwenda hizo.

Kisha Juja ikabadilika kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Barabara kuu ya Thika ikapanuliwa na kufunguliwa rasmi Novemba 2012, na safari ya nusu siku kwenye foleni ikawa safari ya kwenda kazini na kurudi. Watoto wa wanachama wakauza kwa hamsini kwa mia. Mnunuzi wa leo anaweza kuwa nesi aliyeko Doha, mwalimu wa Kisii, au kikundi cha akina mama wa chama kutoka mtaa wa Umoja. Jirani yake ni mtu wa Meru anayekaa Boston ambaye hajawahi kukanyaga ploti yake. Ua umekatwa, mabati yamewekwa, mabati yameondolewa, ukuta umejengwa. Wazee walioonyeshwa mpaka wamezikwa. Neno takriban limebaki kwenye hati, lakini kila kilicholifanya liwe la busara kimeondoka: ua unaoonekana, jirani anayejulikana, kumbukumbu ya pamoja. Limeachwa peke yake, na peke yake haliwezi kushika ardhi.

Watu hujibu kwamba siku hizi kuna vifaa. Ni kweli. Ukipita karibu na chuo asubuhi utawakuta wanafunzi wa uhandisi wa jiomatiki wamesimamisha kifaa chao kwenye miguu mitatu, mmoja ameinama kwenye lenzi na mwingine ameshika fimbo yenye kioo mbali kule, wakipeana ishara za mikono. Kifaa hicho husoma umbali hadi milimita. Vipokezi vya setilaiti vya wapimaji hufika sentimita chache. Simu ya mkononi nayo ina kipokezi, na siku hizi mtu anayeuza ploti huitoa mfukoni akatembea nayo ukingoni, nukta ya buluu ikimfuata kwenye kioo. Simu hukosea mita kadhaa hata penye anga wazi, na zaidi penye maghorofa. Upana wa hamsini kwa mia ni mita 15.24. Kosa la mita tano ni thuluthi ya ploti.

Lakini tatizo la simu ni dogo kuliko tatizo la kifaa kizuri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba kupima mara kumi na kupata jibu lile lile si sawa na kupata jibu la kweli. Ukianzia kwenye bikoni iliyosogezwa, utapima vizuri ajabu, milimita kwa milimita, kutoka mahali pasipo penyewe, na kila ukirudia utapata jibu lile lile, na jibu litakuwa limekosea kwa kiasi kile kile ambacho bikoni ilisogezwa. Katika ardhi hili ni jambo la kila siku. Bikoni ni kipande cha chuma katika saruji. Tingatinga la kuchonga njia huing'oa, mchimba mtaro wa maji huirudisha alipodhani ilikuwa, na mtu mwenye nia mbaya huihamisha usiku, ingawa sheria inalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Kifaa hakijui. Kitaisoma bikoni iliyohamishwa kwa heshima ile ile.

Ramani nazo zina unene. Ramani nyingi za usajili za mashamba ya Kiambu zilichorwa kwa kipimo cha 1:2,500, maana yake milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu ardhini. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita moja na robo. Mtu anaweza kulala ndani ya mstari huo. Ukiuskani mstari huo ukauingiza kwenye kompyuta, ukaukuza hadi ujae kioo, bado una mita moja na robo, ila sasa unaonekana safi na wa kisasa. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, unastahili pongezi kwa kila foleni na kila faili iliyopotea ambayo utatuondolea. Kugeuza mstari mnene kuwa mwembamba ni kazi nyingine, na hufanyika shambani, juani, kwa miguu.

Sheria inayo njia ya kufanya hivyo, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoijua. Kifungu cha 19 cha sheria ile ile ya 2012 kinamruhusu mwenye ardhi, au yeyote mwenye maslahi, kumwomba msajili athibitishe mpaka mahali pake hasa. Nakisoma kifungu hicho mara kwa mara kwa ajili ya hatua yake ya kwanza. Msajili haanzi kwa kumtuma mpimaji. Anaanza kwa kuwapa taarifa wenye ardhi na wakazi wa ploti zinazopakana, kwamba mpaka unakwenda kuthibitishwa. Wote wanapewa nafasi ya kusikilizwa. Ndipo vipimo vinachukuliwa, mchoro unawekwa, na daftarini inaandikwa kwamba mpaka wa kipande hiki umethibitishwa. Kuanzia hapo neno takriban halina nguvu tena juu yake. Na kabla ya msajili kutoa uamuzi, mahakama haipaswi kuisikiliza kesi ya mpaka wa aina hii. Wengi wamepoteza miaka na pesa wakikimbilia mahakama ya ardhi huko Thika kwanza, wakarudishwa walikopaswa kuanzia.

Hapo naona wazee wa itoka na watunga sheria ya 2012 wakikubaliana bila kukutana. Kifaa huongeza ukali wa mstari, lakini kinachoufanya uwe mpaka ni kwamba walio pande zote mbili waliitwa, wakaja, wakaona, wakasema neno lao. Kilichokosekana kwa waliokuwa kizuizini kilikuwa hicho. Kinachokosekana kwenye ploti ya mtu wa Boston na nesi wa Doha ni hicho. Tumeelekea kufikiri kwamba ukamilifu ni jambo la namba, na kwamba tukiongeza nafasi baada ya nukta tutafika. Nafasi hizo zinaweza kuongezwa bila mwisho na bado jirani akaamka asubuhi akavunja ukuta, kwa sababu hakuna namba hata moja kati ya hizo aliyowahi kuiona ikichukuliwa.

Najua gharama inatisha. Anayenunua ploti kwa mkopo wa sacco huona ada ya mpimaji kama mzigo wa ziada baada ya wakala, wakili, ushuru na ada za usajili. Najua pia kwamba kuwaita majirani kunaweza kuamsha madai yaliyolala, kama ilivyotokea Uingereza. Lakini madai yaliyolala Juja hayalali muda mrefu, na yakiamka baada ya nyumba ya ghorofa nne kusimama, bei yake huwa ni nyumba. Zaidi ya hayo muda una upande wake. Kwa sheria yetu, anayekalia ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 mfululizo bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuomba asajiliwe kuwa mwenyewe. Aliye mbali na asiyeuliza anaweza kuupata mpaka wake kamili siku ambayo ukanda si wake tena.

Kwa wauzaji, hasa kampuni zinazokata mashamba makubwa na kutangaza kila wiki, ombi langu ni dogo na lina haki. Litajeni neno lililo kwenye hati. Mwambieni mnunuzi kabla hajalipa kama mpaka wa ploti hiyo umethibitishwa au ni wa takriban, na njia imekula futi ngapi, na hamsini kwa mia yenu ina futi mraba ngapi ukiivutia utepe. Kwa ofisi za ardhi za Ruiru na Thika ombi ni kwamba kuthibitisha mpaka kuwe jambo la kawaida kama kufanya utafutaji wa hati, lenye ada inayojulikana na muda unaojulikana. Na vijana wa jiomatiki wanaomaliza chuo hapa kila mwaka wangepata kazi ya maisha ndani ya kilomita chache za darasa lao, kama serikali ya kaunti ya Kiambu ingeamua kupima mtaa mmoja baada ya mwingine, kwa pamoja, majirani wote wakiwepo.

Na wewe unayenunua Juja: kabla hujashusha lori la kwanza la mawe ya Ndarugo, soma mstari ule mfupi kwenye hati. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, mwambie aanzie kwenye bikoni anazoweza kuzithibitisha kwa kumbukumbu za ofisi ya upimaji wala asianzie alipoonyeshwa na wakala. Watafute majirani wote wanaopakana nawe, walio karibu waje wenyewe na walio mbali watume mtu wa kuwawakilisha, wasimame hapo siku ya kupima, watie sahihi. Andika maombi kwa msajili chini ya kifungu cha 19. Kisha ndipo uchimbe msingi.